Nilipoongeza Maji Kwenye Karanga

Mara ya kwanza nilipoongeza maji kwenye karanga, mama hakuona. Mara ya pili aliona, akanikanya kwa sauti ya chini, kwa sababu wageni walikuwa wameshakaa sebuleni. Mara ya tatu maji hayakunifaa kitu.

Nianze na karanga zenyewe, maana asiyejua kupika karanga za sukari hataelewa nilikuwa nafanya nini Alhamisi ile. Unatia kwenye karai vikombe vitatu vya karanga mbichi, kikombe kimoja cha sukari, maji nusu kikombe na iliki iliyotwangwa. Unakoroga. Sukari inachemka, inakuwa nzito, inatoa mapovu, halafu ghafla inakauka na kuzivaa karanga ikawa nyeupe kama mchanga wa pwani. Mgeni wa kazi akifika hapo hudhani ameharibu, kumbe ndiyo kwanza mambo yananoga. Anapunguza makaa, anaendelea kukoroga, na ile sukari inayeyuka tena pole pole mpaka karanga zinang'aa. Lakini ukitia maji pale zinapokauka, kazi yote umeirudisha mwanzo, na una robo saa nyingine ya kukaa na mwiko mkononi.

Mimi nilikuwa naitafuta hiyo robo saa.

Na hakuna ambaye angenipokonya mwiko. Mama yangu, Bi Azza, ndiye anayepikia karanga nusu ya harusi za mtaa wetu wa Makorora, naye ana sharti lake: aliyeanza kukoroga ndiye amalize, mkono wa pili ukiingia sukari haishiki. Sijui kama ni kweli. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kujaribu.

Sasa ada yetu. Katika ukoo wetu msichana anayeposwa haulizwi kitu. Wengine husema ada hiyo ilikuja na mababu kutoka Omani, wengine husema waliiokota hapahapa Tanga, mimi naona popote ilipotoka ingebaki hukohuko. Mama wa mwanamume anakuja na watu wake, wanaume wanakaa barazani, wanawake sebuleni. Binti anaingia na sinia la kitu alichokipika kwa mkono wake, analiweka mbele ya mama wa mwanamume. Akishaliweka, amekubali. Vigelegele vinapigwa, fatiha inasomwa, na neno hata moja halijamtoka mdomoni.

Aliyekaa sebuleni siku ile ni Bi Ghaliya, mama yake Asaad. Asaad yuko Maskati, ana duka la vipuri, na picha yake nilionyeshwa kwenye simu ya mama: amesimama kando ya gari jeupe, ameshika funguo kama mtu aliyeambiwa azishike. Si mbaya wa sura. Sina la kumsema. Ila moyo wangu ulikuwa umeshakaa mahali, na moyo ukishakaa haunyanyuliwi kwa picha.

Ulikuwa umekaa kwa Sabiri. Sabiri ndiye aliyekuwa akituletea karanga kutoka Maramba, kila Alhamisi ya pili, gunia limefungwa nyuma ya pikipiki. Kwao ni Kigombe, kijiji cha wavuvi. Wazazi wake walitangulia mbele ya haki angali mdogo, akalelewa na mjomba wake, mzee Uweso. Miaka miwili aliingia uani kwetu, akashusha gunia, akasimama. Hakuwahi kukaa, hata nilipomtolea kigoda. Nilikuwa namimina karanga kwenye ungo, yeye anachagua mbovu kutoka upande wake na mimi kutoka upande wangu, na siku moja vidole vikakutana katikati ya ungo, hakuna aliyeondoa cha kwake. Yalianzia hapo. Kilichofuata ni maneno ya simu na macho ya uani, na ahadi: kabla mwezi haujaisha, mzee Uweso angekuja kwa baba kuniposa.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili. Na mimi niko kwenye karai, nasubiri pikipiki.

"Zeyana." Mama alitokea mlango wa ndani, mtandio umemteleza. "Bado tu?"

"Bado, mama. Sukari ya leo sijui ina nini."

Alikuja akachungulia. Karanga zilikuwa zimeanza kulainika kwa kuchemshwa mara mbili, ganda jekundu linabanduka. Mama amezipika tangu kabla sijazaliwa. Alitazama karai, akanitazama mimi.

"Umetia maji."

Niliinamia mwiko.

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Mwanangu." Alisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa sebule haiko mbali. "Ghaliya amekunywa kahawa vikombe vitatu. Mie nimeshamwuliza habari za Maskati mpaka za paka wao. Baba yako huko barazani anacheka kicheko kile unachokijua, cha mtu anayekaribia kukasirika. Unataka nini?"

"Nataka muda kidogo."

"Muda wa kusubiri nini?"

Nilikuwa naweza kumwambia pale. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini sikumwambia. Nadhani niliogopa kwamba angenielewa, kisha asinisaidie, na hilo lingeniuma kuliko kama asingeelewa kabisa.

"Karanga ziive, mama," nikasema.

Alifunga mtandio wake vizuri. "Hizo ziwe za mwisho," akasema, akarudi kwa wageni.

Hata mlango haujatulia nikasikia pikipiki ikizimwa nyuma ya ukuta.

"Hodi uani."

"Pita."

Aliingia na gunia begani, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Akalishusha pembeni ya jiko. Akasimama, kama kawaida yake. Nilitazama nyuma yake, mlangoni, nikingoja kanzu ya mzee. Hapakuwa na mtu.

"Mjomba yuko wapi?"

Sabiri alijipangusa uso kwa kiganja. "Hakuja."

"Anakuja lini?"

"Zeyana, nisikilize. Nimemwomba wiki nzima. Jana nimempigia magoti, mie mtu mzima, mbele ya mkewe. Anasema nyumba ya baba yako, Sheikh Mohsin, haitoi binti kwa watu wa Kigombe. Anasema ameshayaona ya wenzake, hataki mzee kama yeye akaribishwe kahawa kisha arudishwe mikono mitupu. Amesema nimpe muda auzoee huo mpango."

"Muda." Nilikoroga kwa nguvu mpaka karanga mbili zikarukia majivuni. "Unajua nani yuko sebuleni kwetu?"

"Nimeona viatu mlangoni."

"Mama yake Asaad. Wa Maskati. Karanga hizi zikiiva nazipeleka kwake, na nikishaziweka mbele yake, basi. Nimeongeza maji mara mbili nikikusubiri wewe na mjomba wako."

Macho yake yalikwenda kwenye karai, yakaja kwangu, na yalipofika kwangu yalikaa. Nilizoea kutazamwa na Sabiri, lakini siku ile aliniangalia kama mtu anayesoma barua ya msiba. Nilimpenda sana wakati ule. Nilimpenda na nikamkasirikia kwa pamoja, na hasira ndiyo iliyowahi kufika mdomoni.

"Nenda wewe," nikasema.

"Wapi?"

"Barazani. Zunguka mbele, ingia, toa salamu, mwambie baba unanitaka."

"Mimi mwenyewe?"

"Una mdomo."

"Zeyana, mtu hajiposi." Alitamka taratibu, kama mtu anayemkanya mtoto asishike moto. "Wewe unalijua hilo kuliko mie. Nikienda peke yangu, bila mzee, bila mshenga, mbele ya wageni waliokuja na heshima zao, baba yako atanionaje? Hata angekuwa ananipenda angenifukuza. Nipe siku mbili. Nitatafuta mzee mwingine, nitamwomba imamu wa kwetu."

"Siku mbili sina. Nina robo saa."

"Basi usipeleke sinia."

"Nimvue baba nguo mbele za watu?"

"Na mie unanituma nikamvue nguo, nikajivue na mie."

Alikuwa anasema kweli. Nililijua hilo hata wakati ule. Sukari ilikuwa imeanza kukauka, mwiko unazidi kuwa mzito, sebuleni nikasikia Bi Ghaliya anacheka, nikaona maisha yangu yanakwenda kukaa kando ya gari jeupe. Ndipo nikasema neno ambalo mpaka leo ningependa kulirudisha.

"Kumbe wewe ni mwanamume wa mlango wa nyuma tu."

Uso wake haukubadilika, ila aliacha kunitazama. Akakung'uta vumbi la gunia kwenye shati, akafunga vifungo vya juu viwili, akapitisha vidole kwenye nywele.

"Sawa," akasema.

"Sabiri, ngoja."

Alikuwa ameshatoka. Nikachota kikombe cha maji, nikamimina kwenye karai mara ya tatu. Sijui nilikuwa nasubiri nini tena. Mkono ulifanya wenyewe.

Kati ya uani kwetu na barazani kuna ujia mwembamba, na sauti za mbele hupita pale kama zimeletwa. Nilisikia kila kitu. Siwezi kusema sikusikia.

"Assalaam alaykum. Shikamooni wazee."

Waliitikia. Kisha baba: "Marahaba. Wewe si kijana wa karanga? Mzigo unashushwa nyuma, baba."

Kaka yake Bi Ghaliya, Bwana Mselem, akacheka kidogo.

"Mzigo nimeshashusha, Sheikh. Nimekuja kwa jambo jingine." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nimekuja kwa heshima, kumwomba binti yako Zeyana. Kwa ndoa."

Kicheko kilikatika. Nilishika mwiko kwa mikono miwili. Wallahi nilisikia hata kikombe cha kahawa kikiwekwa chini.

"Umekuja na nani?" baba akauliza.

"Peke yangu, mzee."

"Peke yako."

"Ndiyo."

"Unawaona hawa waliokaa hapa? Wametoka kwao watu saba. Kijana wao hayupo hata nchini, na wamekuja saba. Wewe umekuja mmoja, na huyo mmoja ndiye bwana harusi." Baba hakupaza sauti. Baba akikasirika kweli hupunguza. "Mtu anayejiposea mwenyewe ni mmoja kati ya wawili. Ama hana kwao, ama kwao wamemkataa. Wewe ni yupi?"

Nilingoja. Nilijua Sabiri ana jibu. Angesema tu, binti yako ndiye aliyenituma, nami nilikataa. Maneno machache, na aibu yote ingehama kutoka kwake kuja kwangu. Nilifumba macho nikiyasubiri.

"Nisamehe, mzee," Sabiri akasema.

"Nimekuuliza wewe ni yupi."

"Nisamehe. Nimekosa adabu. Wageni nao wanisamehe."

"Mtoto asiye na watu," baba akawaambia wageni, Sabiri angali amesimama pale, "hata ukimpa maji ya kunywa hajui amshukuru nani."

Pikipiki sikuisikia kwa muda mrefu, nadhani Sabiri alikuwa anaisukuma kwa miguu mpaka mwisho wa mtaa.

Mama aliingia uani mkono umefunika mdomo. "Umesikia aliyoyafanya yule kijana? Mbele ya Mselem, mbele ya watu wote. Miaka miwili anaingia humu, tukimwona ana adabu."

"Anayo, mama."

"Baba yako amesema asikanyage tena. Hebu maliza hizo, tuokoe kilichobaki. Ghaliya anataka kuaga."

Basi nikamaliza. Sikuongeza maji tena. Nikapunguza makaa, nikakoroga, sukari ikakauka, ikayeyuka, ikashika. Nilizimwaga kwenye sinia nikazitenganisha kwa mwiko zingali moto. Mama akaonja moja. Zilikuwa laini ndani kwa kuchemka mara nyingi, lakini kwa macho zilipendeza.

"Zinakubalika," akasema. Akanivika mtandio wa hariri, akaniwekea sinia mikononi. Mikono yake ilikuwa baridi. "Nenda, mwanangu. Huulizwi kitu."

Nilivuka mlango wa ndani. Mkono wa kulia ni sebule, kushoto ni korido ya kwenda barazani ambako msichana wa nyumba yetu haendi wakiwapo wanaume wageni. Kupitia pazia nilimwona Bi Ghaliya amejiweka sawa kunipokea, uso wake mwema, umechoka. Sikuwa na chuki naye. Kama lingekuwa suala la Asaad tu, nadhani ningeingia. Sabiri nilikuwa nimeshamkosa, nililijua hilo, na mtu aliyekosa kimoja hupokea kingine maisha yaendelee. Lakini lile neno la baba, mtoto asiye na watu, lilikuwa limebaki barazani, juu ya jina la mtu ambaye hakulistahili, na kesho lingekuwa mjini. Ningekaa Maskati nikila na kunywa huku Sabiri akiitwa hivyo kwa sababu yangu.

Nikaliweka sinia sakafuni, palepale kwenye korido. Nikageuka kushoto.

"Zeyana," mama akaita nyuma yangu. "Zeyana."

Nilisimama kizingitini. Wanaume wanne waligeuza nyuso. Baba akainuka nusu.

"Kuna nini? Rudi ndani."

"Baba, yule kijana hakuja kwa akili yake. Mimi nilimtuma."

"Rudi ndani, nimesema."

"Alikataa, baba. Aliniambia mtu hajiposi. Aliniambia ni kukuvunjia heshima. Ana mjomba, mzee Uweso wa Kigombe, alikuwa anamwomba aje. Mimi nikamwambia neno baya mpaka akaenda." Nilishika fremu ya mlango. "Asiye na adabu ni mimi. Naomba wageni wajue hivyo."

Bwana Mselem alitazama sakafu. Nikasikia hatua za mwanamke nyuma yangu. Bi Ghaliya alikuwa ametoka sebuleni, ameshavaa baibui. Aliliona sinia chini, akalizunguka kwa uangalifu asilikanyage.

"Azza," akamwambia mama yangu aliyekuwa analia, "ungeniambia tu. Na mimi nina mabinti. Nisingekasirika." Kisha akanigusa bega. "Umenipunguzia kazi kubwa, mwanangu. Asaad angekata tiketi wiki ijayo." Akawaita watu wake, wakavaa viatu vyao kimya kimya, wakaondoka wote saba.

Baraza likabaki na vikombe. Baba alikaa tena. Nilingoja anipige au anifukuze, ingawa baba hajawahi kunipiga. Alikuwa anageuza tasbihi bila kuhesabu.

"Alijua ni wewe uliyemtuma," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nikamwuliza mara mbili."

"Ndiyo."

"Nikamtukana mbele za watu, na neno moja lingemwokoa." Alikuwa hasemi nami, alikuwa anaiambia barabara. "Akakunyamazia."

"Ndiyo, baba."

Mama alikaa kizingitini, akavuta pumzi. "Sasa yote mawili yamekwenda," akasema. "Yule tumemfukuza na hawa wamekwenda."

Baba alitazama kona ya mtaa alikopotelea Sabiri, akatazama mpaka nikadhani amesahau kwamba nipo.

"Kesho baada ya swala ya Ijumaa nitakwenda Kigombe," akasema. "Mimi mwenyewe. Nitamtafuta huyo mjomba, niombe radhi mbele ya watu wake, kama nilivyotukana mbele ya watu wangu. Siahidi kitu zaidi ya hicho."

Moyo uliruka. Sikutaka uruke, niliona haya, lakini uliruka. Nilipiga magoti mbele yake nikashika goti lake kama nilipokuwa mdogo.

"Ukimwomba radhi, baba, atarudi?"

Baba yangu ni mtu wa kiburi, lakini hajui kusema uongo. Aliniwekea mkono kichwani.

"Ningekuwa mimi," akasema, "nisingerudi."